Sauti ya Kazija Ndani ya Boya

Uduvi wa masika ulikuwa na plastiki tumboni, na aliyetuambia tuule alikuwa dada yangu.

Nalisema hilo mwanzo kwa sababu huko mbele kuna maneno mengi ya kumtetea, na mengine ni ya kweli.

Nililijua kwa bahati. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilikuwa imepiga usiku na mchana, na Mto Mkumbi ulikuwa umemwaga ghubani kila kilichokuwa huko juu: magogo, makopo ya miche, kuku aliyekufa, na nailoni. Ni ile nailoni nyeupe ya kufunikia mazao, ambayo wenye mashamba waliambiwa inayeyuka yenyewe ikipigwa na jua. Ni kweli huioni tena. Inakatikakatika mpaka inakuwa vumbi, na vumbi linakaa juu ya udongo kaskazi nzima likingoja mvua.

Kazi yangu ni boya. Kampuni iliyolileta ilinipa nilikwangue na kulizibua, kwa sababu nilikuwa fundi wa mashine za boti na sikuogopa kupiga mbizi. Ni kubwa kama tangi la maji, la manjano, limefungwa kwa mnyororo katikati ya Ghuba ya Kigomeni. Linavuta maji kwa bomba na kuyapitisha mbele ya mwanga mwembamba kama wembe. Maji ya bahari yamejaa vijidudu ambavyo jicho halivioni vizuri. Wazee wetu walikuwa wakiviita uji wa bahari, kwa kuwa ndivyo vinavyoliwa na uduvi na dagaa. Miili ya vijidudu hivyo ni kama kioo, mwanga ukipita unaona kilichomo tumboni. Boya linahesabu: katika vijidudu mia, ni vingapi vimemeza chembe ya plastiki. Vikizidi kumi, bahari inafungwa.

Samaki unampasua, unatoa utumbo, unatupa. Uduvi hautolewi utumbo. Unaliwa mzima, na macho yake, na chochote ambacho uduvi wenyewe umekula.

Asubuhi hiyo bomba la boya lilikuwa limeziba. Nilizama, nikachomoa rundo la nailoni lenye utelezi kama ulimi wa ng'ombe, nikapanda tena kwenye boti. Nilitaka kujua kama linavuta.

Watu wote wa Kigomeni huliuliza boya swali moja tu: bahari iko vipi? Tena wengi hawaulizi, wanangoja litangaze lenyewe kwa spika alfajiri. Mimi siku ile sikuwa na haja na hali ya bahari. Nilikuwa na haja na bomba.

"Maji unayovuta sasa hivi yana nini?" nikasema.

"Arobaini na moja katika mia," likajibu.

Nikacheka. Nikalipiga kofi ubavuni, kama mashine iliyokwama.

"Bahari iko vipi?"

"Bahari ni salama. Tisa katika mia. Tandeni, wenzangu."

"Tisa au arobaini na moja?"

"Arobaini na moja ni maji ya sasa hivi, Shaame. Tisa ni wastani wa mwaka mzima."

Hapo nikaacha kucheka. Kaskazi maji yetu ni mbili katika mia, pengine moja. Kusi vivyo hivyo. Ukichukua miezi mingi mizuri ukaichanganya na miezi mitatu mibaya, ile mibaya inamezwa. Hilo hata mimi niliyeishia darasa la nne nililiona papo hapo.

"Nani alikwambia utangaze ya mwaka?"

"Mlezi wa sauti."

"Mlezi wa sauti ni nani?"

"Kazija binti Faki."

Lililitamka jina kama yeye mwenyewe anavyolitamka, akilivuta mwishoni. Kwa sababu sauti ilikuwa yake.

*

Mgeni atauliza kwa nini kijiji kizima hakikuuliza. Ajue kwanza tunavyotanda.

Wanawake wanaingia majini mpaka kiunoni kwa safu mbili, wameshika mashuka mepesi kwa ncha. Wanainama, nyuso karibu na maji, macho kwenye shuka, maana uduvi ukigeuka unageuka ghafla. Aliyeinama hivyo haoni kundi linakwenda wapi. Anayeona ni mmoja, mwitaji, anayesimama juu ya jabali na kuliona wingu la rangi ya waridi chini ya maji. Yeye anaita: kulia, shusheni, fungeni. Wenzake wanafuata sauti. Msichana akiinua uso kutazama, shuka linalegea, na wote wanamtukana mpaka akome.

Dada yangu Kazija alikuwa mwitaji tangu sijaota ndevu. Kampuni ilipokuja na boya lake, ikasema inataka sauti ya mtu wa hapahapa, sauti inayoaminika, hakuna aliyebishana. Alikaa ofisini kwa mwalimu mkuu na kijana wa kampuni anayeitwa Erasto, akisema maneno kwenye kinasa sauti mpaka koo likamkauka. Wakampa cheo cha mlezi wa sauti, na uwezo wa kuamua boya lijibu vipi, maana kampuni ilisema chombo ni chetu na uamuzi uwe wetu. Tulipiga vigelegele.

Waliozoea kuinamisha nyuso wakisikia sauti ile, waliisikia ikitoka ndani ya boya, wakainamisha nyuso.

Kisha ikaja ganzi. Inaanzia kwenye ncha za vidole. Mke wangu Mize alikuwa msukaji wa mikeka, mtu wa kusuka ukili huku akibishana na watu barabarani. Sasa anasuka kwa macho. Asipotazama, vidole vinasimama. Alishika sufuria ya moto akajua kwa harufu ya ngozi yake. Zahanati walisema ni uzee, na Mize hajafika hamsini. Mimi mwenyewe sikihisi kidole gumba cha kushoto. Na hapa Kigomeni hakuna mwanamke anayetunga uzi kwenye sindano. Nguo zikichanika tunazipeleka kwa fundi wa mnadani, tunasema siku hizi matundu ya sindano yamekuwa madogo.

Nilifika nyumbani, nikamwambia Mize yote, nimesimama mlangoni na maji yananichuruzika.

Alivitazama viganja vyake, akavigeuza.

"Wifi anajua?"

"Yeye ndiye aliyeagiza."

"Boya limesema hivyo. Yeye umemsikia?"

"Bado."

"Basi nenda ukamsikie. Kesho wanatanda."

*

Kazija alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, shuka la kutandia limemfunika magoti, anaziba tundu. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vua viatu huko huko, umeniletea tope la mto mzima."

Nikavua, nikakaa. Uzi ukamwishia. Akakata mwingine, akaulowesha mdomoni, akautia kwenye sindano. Mara moja. Hakusogea dirishani, hakukunja uso. Ananizidi miaka kumi na moja.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yamepangwa. Yote yakaniponyoka.

"Dada, mara ya mwisho umekula uduvi lini?"

"Meno yananisumbua."

"Meno gani? Juzi ulikuwa unatafuna muwa barazani kwa jirani yako Bi Tatu."

Sindano ikasimama.

"Umekwenda kwenye boya," akasema.

"Bomba lilikuwa limeziba."

"Ukaliuliza nini?"

"Maji ya sasa hivi."

"Hakuna aliyewahi kuliuliza hivyo."

"Ndivyo ulivyotegemea."

"Ndivyo nilivyotegemea," akasema, wala hakuteremsha macho. Kazija hajui kuteremsha macho. "Erasto aliniwekea machaguo mbele yangu. Boya linaweza kutangaza ya siku, au ya mwezi, au ya mwaka. Likitangaza ya siku, masika yote bahari imefungwa. Na bahari ikifungwa masika, Mamlaka ya Ghuba inaifunga miaka mitatu, kaskazi na kusi, ndiyo sheria yao. Masika boti haziendi nje. Samaki hakuna, muhogo unaoza shambani. Uduvi ndio unaotuvusha. Jirani zetu wa Mwachongo walifungiwa. Nenda leo ukatazame, mbuzi wanalala madukani. Nikachagua."

"Ulichagua vidole vya Mize."

"Nilichagua kijiji! Mambo ya vidole sikuyajua. Mwaka wa kwanza sikujua, Shaame, naapa."

"Na wa pili?"

Mvua ikazidi. Nikangoja ipungue ili nisije nikadai sikusikia.

"Wa pili nilijua."

"Ukaacha kula."

"Nikaacha."

"Na bakuli ukaendelea kuniletea."

Hapa nieleze. Bakuli la kwanza la kila tando, Kazija huja nalo nyumbani kwangu, limefunikwa kwa kawa, kabla hajampa mtu mwingine yeyote. Amefanya hivyo tangu nilipooa. Mama alipokufa nilikuwa mtoto, yeye msichana, akanilea kwa uduvi huohuo, wa kukaanga, wa nazi, wa kuunga na bamia. Lile bakuli lilikuwa njia yake ya kusema kwamba bado ananilea.

"Nisingekuletea," akasema, "ungeuliza kwa nini."

Nakumbuka nilikitazama kidole changu gumba kama mali ya mtu mwingine.

"Erasto anasema inakuja dawa," akaendelea. "Ya kuchujia. Watamwaga mtoni vijidudu vyao, vya maabara, vinavyokula plastiki. Masika ijayo, au ile nyingine."

"Mjukuu wa Bi Tatu hajui kama amevaa viatu au hakuvaa. Anatazama chini ndiyo ajue. Atangoja ile nyingine?"

"Na wakifungiwa miaka mitatu mtoto huyo atakula nini? Nijibu! Wewe una mshahara wa kukwangua boya. Wao wana nini?"

Nikasema hili tu:

"Wangechagua wenyewe. Pengine wangekula huku wanajua. Hilo lingekuwa lao."

Akaichomeka sindano kwenye shuka, akaliweka kando.

"Sema wewe," nikamwambia. "Kesho, kabla hawajaingia majini. Kwa mdomo wako. Waeleze na sababu zako zote, mimi nitakaa upande wako. Usiposema, nitaliuliza boya mbele yao."

"Una sauti ya mlango wa bati, Shaame. Hawatakusikiliza."

"Watakayemsikia si mimi. Ni wewe."

Akacheka kidogo, kicheko chake cha zamani. Akanishika bega.

"Nitasema, mdogo wangu. Nenda kale."

Nikamwamini. Niliondoka pale na moyo mwepesi, hata nikamhurumia. Usiku nikamsimulia Mize yote, mpaka ule uzi ulioingia kwenye sindano mara moja.

*

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika na ghuba ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi nilikuwa kwenye boti kando ya boya, kama kila siku ya tando. Wanawake walikuwa ufukweni wanafunga kanga viunoni, wanataniana. Nilimwona Kazija akipanda jabali. Nikangoja aseme.

Boya likatangaza: "Bahari ni salama. Tisa katika mia. Tandeni, wenzangu."

Na Kazija, juu ya jabali, kwa sauti ileile, akaitikia: "Haya, ingieni! Safu ya kulia mbele!"

Wakaingia.

Nilisimama kwenye boti nikapiga kelele wasiingie, maji ni mabaya, dada yangu anajua. Sauti ya mlango wa bati, kweli.

"Shaame, umeamkia tembo?" mmoja akajibu, wengine wakaangua kicheko.

"Kama hutaki uduvi wako nipe mimi, nina watoto saba!"

"Kaa kimya, unalitimua kundi!"

Nyuso zikainama. Mashuka yakashuka. Basi nikaligeukia boya, nikapandisha spika mpaka mwisho, nikauliza kwa nguvu zangu zote:

"Maji unayovuta sasa hivi yana nini?"

Sauti ya Kazija ikatoka, shwari, ikaenea ghuba nzima:

"Mlezi wa sauti amenikataza kujibu swali hilo."

Alikuwa ameliagiza baada ya mimi kuondoka. Alinishika bega, akaniambia nikale, kisha akachukua simu akalifunga boya mdomo. Lakini mashine ile haikuumbwa kusema uongo. Hata yeye hakuitaka iseme uongo. Alitaka isiulizwe tu.

Maji yalikuwa yanagonga boti.

Wa kwanza kuinua uso alikuwa Bi Tatu Makame, mkongwe wa safu ya kushoto, ambaye hakuwahi kuinua uso tangu alipoanza kutanda.

"Kazija," akasema. "Swali gani hilo ulilolikataza?"

"Inamisheni nyuso! Kundi linapita!"

Na baadhi yao, Mungu ni shahidi yangu, wakainama. Niliona migongo ikishuka. Mazoea yana nguvu kuliko akili.

Ndipo nikamwona Mize. Alikuwa ametoka kwenye mikoko, anapanda jabali polepole, anatazama kila hatua kwa sababu miguu nayo ilikuwa imeanza. Alimfikia wifi yake, akamnyooshea mkono. Kutoka kwenye boti sikuona alichoshika. Nikasikia tu, maana Mize hakunong'ona:

"Wifi, nitungie uzi. Mimi siwezi, na hawa wote hawawezi. Nitungie wewe."

Wanawake wote sasa walikuwa wameinua nyuso.

Kazija angeweza kukataa. Angeweza kuiangusha sindano majini na kusema na yeye ana ganzi. Nilikuwa mbali, lakini niliuona mkono ukienda mdomoni kulowesha uzi. Niliona viwiko vikitulia. Mara moja tu. Akamrudishia Mize sindano, uzi unaning'inia kwenye upepo, akateremka jabali upande wa pili, bila kuita mtu.

Bi Tatu alilegeza shuka lake. Uduvi ukamwagika, wa waridi, mwingi kuliko miaka yote. Akamtazama jirani yake mpaka naye akamwaga.

Mmoja hakumwaga. Yule mwenye watoto saba. Alikunja shuka lake na uduvi ndani, akapita katikati ya wenzake akielekea nyumbani, na hakuna aliyemzuia. Ila huyo alikuwa anajua.

*

Mamlaka ilikuja na kufuli zake. Kampuni ilileta barua ya kusema uamuzi ulikuwa wa wanakijiji wenyewe, nayo iliheshimu uamuzi huo. Erasto alihamishwa, nasikia kwa cheo kikubwa zaidi. Kazija aliondoka kabla hatujakubaliana kama tumfukuze. Yuko juu ya mto, analala kwenye kambi ya vibarua, anatandaza nailoni kwenye mashamba.

Boya bado lipo. Sasa linatangaza ya siku. Kila alfajiri linasema, "Bahari imefungwa. Msitande, wenzangu." Hawakubadilisha sauti, walisema itahitaji mtu mwingine wa kuaminika, na hatukuwa na jina la kuwapa. Nami ninakwenda kulikwangua. Nikilisogelea linasema, "Karibu, Shaame." Silijibu.

Gharama tuliyolipa ni hii. Bahari, masika tatu na kila kilicho katikati. Nyumba kumi na tisa, milango imefungwa kwa kamba. Darasa la kwanza na la pili, yamekuwa darasa moja. Bi Tatu, aliyekufa kwa mwanawe bara, akilalamika kwamba chakula cha huko hakina harufu. Miguu ya mjukuu wake. Vidole vya Mize, vyote kumi. Kidole changu kimoja. Mwitaji, tulikuwa naye mmoja.

Dada, nilikuwa naye mmoja.